Uliza Mpiga Gitaa: Limetoka Kariakoo zima, mbona linanguruma?

Korosho zikishauzwa, barua za ukurasa huu hubadilika. Kuanzia minada ya mwezi wa kumi hadi Krismasi, watu wa kwetu Kusini hununua bati, pikipiki, televisheni, na wachache, Mungu awabariki, hununua gitaa la umeme. Safari hii nimeweka kando maswali ya nota ili nijibu waliofungua boksi hivi karibuni. Kwa msomaji mgeni: napiga solo kwenye kwaya hapa Mikindani, nafundisha vijana, na magitaa ya makanisa ya huku yakiharibika huletwa barazani kwangu.

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Tandahimba. Tangu utotoni napiga galatoni la baba, gitaa kavu lisilo la umeme. Mwaka huu, baada ya malipo ya korosho, nilipanda basi hadi Kariakoo nikanunua gitaa la umeme jipya, umbo la Stratocaster, pikapu tatu nyembamba, pamoja na spika yake ya wati 10. Mama, usiku wa kwanza sikulala. Nyuzi laini, mkono unafika freti za mwisho, vile vyuma vya kukatiza shingo, bila shida. Lakini kulipokucha nikaanza kuona kasoro. Linanguruma muda wote, nikishika nyuzi mngurumo unapungua. Halikai kwenye tyuni hata nyimbo mbili. Uzi mnene unakwaruza kwenye freti za mwanzo. Na sauti ni nyembamba, haifanani kabisa na magitaa ya bendi ninayosikia redioni. Rafiki zangu wanasema nimeuziwa feki. Nilirudishe? Nauli ya Dar tena ni mzigo.

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Usilirudishe. Katika yote uliyoandika sijaona dalili hata moja ya gitaa bovu. Nimeona gitaa ambalo halijasetiwa. Magitaa ya bei ya kawaida hutoka kiwandani, hukaa melini, bohari na ukutani mwa duka miezi mingi, na katika safari yote hiyo hakuna aliyekaa nalo akalirekebisha kwa ajili ya mkono wako na hali ya hewa ya kwako. Kazi hiyo inamsubiri mnunuzi, na wauzaji wengi hawamwambii.

Tuanze na mngurumo, maana ndio unaowatia watu hofu. Chini ya nyuzi zako kuna pikapu: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya ile sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye waya, na huo ndio spika inaoukuza. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni hutasikia kitu. Sasa ile koili haichagui. Inapokea uzi, na inapokea pia umeme wa nyumba, ambao hapa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Taa ya tyubu, chaja ya simu na televisheni vyote vinaingia humo. Pikapu za koili moja kama zako zimenguruma tangu kampuni ya Fender walipotoa Stratocaster mwaka 1954, na gitaa la bei ghali la aina hiyo nalo linanguruma. Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya Gibson aliyeitwa Seth Lover alitafuta dawa kwa kuweka koili mbili pamoja, moja imegeuzwa, ili mngurumo wa hii uuwe mngurumo wa ile. Pikapu hizo ni nene, na sauti yake ni nzito kidogo.

Hata wewe unaweza kuonja dawa hiyo bila kununua kitu. Gitaa lako lina swichi ya nafasi tano. Iweke nafasi ya pili au ya nne, ambapo pikapu mbili hufanya kazi pamoja. Kwenye magitaa mengi ya sasa pikapu ya katikati imezungushwa kinyume makusudi, na mngurumo utaanguka hapo hapo. Kisha simama na gitaa, zunguka taratibu chumbani. Utakuta upande mmoja linatulia. Kaa upande huo, mbali na spika na mbali na tyubu.

Kupungua unaposhika nyuzi ni habari njema: waya wa ethi, ule wa ardhi, ndani ya gitaa umeungwa vizuri. Lau ungeniambia unaongezeka ukishika, ningekutuma kwa fundi redio akafungue.

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote pengine. Angalia plagi ya ile spika. Nyingi zinakuja na pini mbili, na soketi zetu ni za pini tatu, basi watu huchomeka kijiti au mfuniko wa peni kwenye tundu la juu ili zile mbili ziingie. Nimeyaona haya makanisani, majumbani, kwenye harusi. Ukifanya hivyo hakuna ethi. Gitaa linanguruma zaidi, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba spika ikipata hitilafu, umeme utapita kwenye waya hadi kwenye nyuzi na hadi mkononi mwako, na ukiwa umesogeza mdomo kwenye maikrofoni utapigwa usoni. Kama spika yako ilitengenezwa na waya wa pini tatu na mtu akaukata, mpe fundi aurudishe, na soketi yenyewe iwe na ethi ya kweli iliyofika ardhini. Ukisikia hata msisimko mdogo vidoleni, zima ukutani siku hiyo hiyo. Soma pia kibandiko cha nyuma: kiandike volti 220 au 230. Spika iliyotengenezewa Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka hapa inaungua.

Tyuni. Nyuzi mpya hunyooka. Tyuni gitaa, kisha kamata uzi mmoja mmoja katikati, uvute juu kwa upole kama sentimita mbili, tyuni tena, vuta tena, hadi sauti isishuke. Tyuni daima ukipanda: kama umepitiliza, shusha chini ya sauti unayotaka halafu panda nayo. Kile kipande chenye mifereji karibu na kichwa, nyuzi zinapopita, kipake unga wa penseli ndani ya mifereji ili nyuzi zisikwame. Na ule mkono wa chuma wa kutikisa sauti, ung'oe uuweke kwenye begi kwa sasa. Muziki wa kwetu hauuhitaji, na kwenye magitaa ya bei nafuu ndio mwizi wa kwanza wa tyuni.

Kukwaruza kwa uzi mnene kwenye freti za mwanzo kunaniambia shingo imenyooka mno, au imejipinda kidogo kwa nyuma. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Gitaa lililokaa dukani Dar, likapanda nawe hadi uwanda wa Makonde, lazima lisogee. Bana uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya kwanza kwa kidole, na kwa mkono wa pili bana pale shingo inapoungana na mwili. Chungulia freti ya saba na ya nane. Lazima uone mwanya mwembamba. Kipimo chake unacho tayari: uzi mwembamba kabisa wa seti ya namba 10 una unene wa milimita 0.25, basi kata kipande cha uzi wa zamani ukipitishe hapo. Kipite kwa kugusa. Kama hakipiti kabisa, tafuta tundu la chuma kilichomo ndani ya shingo, liko kichwani au mwisho wa shingo, chukua ule ufunguo mdogo uliokuja kwenye boksi, uzungushe kinyume cha saa robo mzunguko tu. Tyuni. Acha hadi kesho. Pima tena. Mwenye haraka na chuma hicho huvunja shingo, na shingo haishonwi.

Sasa sauti, ambayo nadhani ndiyo iliyokuumiza moyo. Gitaa ulilosikia redioni halikuwa peke yake. Muziki wa dansi umejengwa kwa magitaa yanayojibizana: solo, solo la pili, rizimu, na besi chini yao. Msikilize Mbaraka Mwinshehe, tangu Morogoro Jazz hadi Super Volcano, mpaka alipofariki mwaka 1979. Solo lake ukilitoa kwenye bendi ni jembamba vilevile, safi, kali, halina mafuta. Unene unatoka kwa wenzake. Kwa hiyo usiongeze kile kitufe cha kukwaruza sauti kwenye spika ukidhani utapata unene. Kirudishe hadi sifuri, chagua pikapu ya nyuma karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikwa mwilini, punguza toni ya gitaa kidogo sana, na mtafute mwenzako hata mwenye galatoni akupigie rizimu. Hapo utasikia ulichokuwa unakitafuta.

Kuna jambo moja hukulitaja lakini utakutana nalo. Mimi gitaa langu mwenyewe, jipya, nililipata nikiwa mtu mzima. Kabla yake nilipiga la kwaya, na kabla ya hapo nilijifunzia la mjomba wangu, aliyekuwa mpiga rizimu na ndiye aliyenishika mkono. Nilipochomeka langu nikakuta kila kitu kinasikika: kidole kinapoteleza kwenye uzi, uzi wa jirani unaolia bila kuguswa, hata kiganja kikiachia. Kwenye gitaa kavu hayo yote humezwa na sanduku. Basi sehemu kubwa ya kujifunza umeme ni kuzima nyuzi usizozipiga. Laza ubavu wa kiganja cha kulia karibu na daraja, na ncha ya kidole cha shahada cha kushoto iguse kidogo uzi wa juu yake. Fanya hivyo polepole, spika ikiwa chini. Mjomba aliniambia mpiga rizimu hutambulika kwa ukimya ulio kati ya mapigo yake, na umri huu bado nalikubali neno lake.

Kuhusu feki: umbo la Stratocaster linaigwa na viwanda vingi, na wala si aibu. Kama kichwani limeandikwa jina la Fender na umelinunua kwa bei ya redio, basi jina ndilo feki, lakini gitaa linaweza kuwa zima. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka juu hadi chini. Freti zisikukwaruze. Piga kila uzi kwenye freti ya 12, sauti iwe ile ile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Yakipita hayo mawili, rafiki zako waje wasikilize.

Mama, sisi tunaishi karibu kabisa na bahari Lindi mjini. Binti yangu kaletewa gitaa la umeme na kaka yake. Haujaisha mwezi, nyuzi zimeota kutu na skrubu zimeanza kuwa nyekundu. Amelia sana. Tufanyeje?

Pole dada yangu, na pole kwa binti. Ni chumvi, wala hajalitunza vibaya. Upepo wa pwani unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na jasho la vidole nalo lina chumvi yake. Mnaoishi upande wa mashamba ya chumvi mnalijua hili kwa mabati ya nyumba zenu.

Nyuzi zilizoota kutu azitoe, zisirudi tena, maana zinakula freti. Akifunga mpya, kila akimaliza kupiga afute uzi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini ya uzi, siyo juu tu. Kanga kuukuu inafaa kuliko kitambaa chochote cha dukani. Gitaa lisining'inizwe ukutani penye dirisha la baharini. Lilale ndani ya begi lililofungwa, na humo atie vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Skrubu azipake mafuta ya cherehani kwa ncha ya pamba, tone moja. Mafuta hayo yasiguse mbao wala pikapu. Kama kaka yake anaweza kutuma seti nyingine, amwambie atafute nyuzi zilizopakwa utando wa plastiki. Bei iko juu, lakini kwa mtu wa pwani zinalipa.

Mwalimu, kwaya yetu Masasi imepata gitaa la umeme bila spika. Tumelichomeka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, tundu la maikrofoni. Linasikika lakini sauti imefifia. Tumekosea?

Hamjaharibu kitu. Pikapu hutoa umeme dhaifu ambao unahitaji tundu lililotengenezwa kwa ajili ya ala, na tundu la maikrofoni linaunyonya ukali wote. Angalieni kama mikisa ina kitufe kilichoandikwa Hi-Z au chenye picha ya gitaa. Kikiwepo, kibonyezeni mtumie tundu hilo. Kama hakipo, nunueni kile kiboksi kidogo cha kuunganishia ala na mikisa, kinachoitwa DI, kabla ya kununua spika kubwa. Sauti itafunguka, na kitawafaa kwa besi pia.

Assalaam aleikum. Mimi ni mzee wa Kilwa, seremala. Mjukuu wangu kanunua gitaa la umeme, nami nikatazama ule ubao mweusi wa shingoni, nikauliza ni mti gani, hajui. Sisi hapa tuna mpingo. Je, seremala wa Kilwa hawezi kutengeneza gitaa la mpingo?

Wa aleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa furaha kubwa.

Ubao huo kwa miaka mingi ulikuwa wa miti ya jamii ya Dalbergia, na mpingo wetu ni ndugu yao wa damu: jina lake la kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon. Mwaka 2017 jamii karibu yote iliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na viwanda vingi vya magitaa ya bei nafuu vikahamia miti mingine. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vilipunguziwa masharti, lakini viwanda vingi havikurudi. Kwa hiyo la mjukuu wako huenda ni mti mwingine uliopakwa rangi. Mwambie apitishe kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Kikitoka na weusi, ni rangi.

Kwa shingo, mpingo unafaa sana. Ni mgumu, punje zake zimeshikana, unang'aa wenyewe bila vanishi. Duniani wanautumia kwa ala za kupuliza, klarineti na obo, na sehemu ya mpingo huo inatoka misitu ya kwenu. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009 kwa kuisimamia vizuri. Lakini mwili mzima wa gitaa usiufanye mpingo. Unajua mwenyewe mpingo unazama majini. Gitaa la kawaida la umeme lina uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na mwili wa mpingo ungevuka hapo peke yake kabla hujaweka shingo. Bega la mjukuu halitahimili ibada nzima. Mwili ufanye kwa mninga uliokauka vizuri, mpingo uwe ubao wa freti tu, unene wa milimita sita. Mbao za mwili na za shingo zikae kivulini muda mrefu, maana ubao mbichi ukishafungwa nyuzi unajikunja.

Kitu kimoja hakisamehe, nacho ni vipimo vya freti. Chukua urefu wa uzi kutoka kwenye kile kipande cha mifereji hadi daraja, ugawe kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza. Urefu uliobaki ugawe tena kwa namba hiyo hiyo, upate ya pili, na kuendelea. Ukifika ya 12 lazima uwe nusu kamili ya urefu wote. Mzee aliyezoea kuchonga mlango wa Kiswahili hatashindwa na hili. Pikapu, freti na vikazio vya nyuzi mjukuu aagize Dar. Likikamilika naomba nilione, nitakuja mwenyewe.

Shikamoo mama. Nina miaka 14, naishi Chikongola. Shangazi kaninunulia gitaa la umeme lakini vidole vyangu vifupi, freti ya kwanza sifiki. Kaka zangu wanasema gitaa ni la wavulana, nicheze kinanda.

Marahaba mwanangu. Mimi ni mwanamke na solo la kwaya yetu liko mkononi mwangu, kwa hiyo neno la kaka zako tuliache hapo.

Kuhusu vidole: kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648, nafasi ya freti ya kwanza ni kama milimita 36. Ya tano haifiki 30. Kwa hiyo usianzie chini huko wanakoanzia wote. Anzia freti ya tano, uzi wa kwanza na wa pili, kidole kwa freti, kila siku kidogo. Solo la dansi lenyewe linakaa huko juu, basi hutakuwa umepoteza kitu. Kidole gumba kiweke nyuma ya shingo, katikati, kisichungulie juu. Mkanda ufupishe hadi gitaa likae kifuani, siyo mapajani, na kiwiko kitapata nafasi. Mkono ukizoea, shuka freti moja, kisha nyingine.

Jumamosi asubuhi nafundisha barazani. Mwambie shangazi akulete na daladala ya Mikindani, na mje na gitaa. Spika ninayo.